Penalti Kumi za Mwalimu Agneta

Kwa miaka kumi na mmoja mama mkwe wangu hakuwahi kuniambia neno hata moja. Sisemi kwamba tulikosana. Tungekosana ningeelewa, maana ningejua kosa langu na ningejitetea. Hii ilikuwa heshima. Kwao Bungoma, mwanamke na mume wa binti yake hawapeani mkono, hawali meza moja, hawalali chini ya paa moja, na wakionana njiani kila mmoja anatafuta pake pa kupitia. Siku hizi wengi wamelegeza, lakini si yeye. Mimi ni Mkikuyu wa Moi's Bridge, nimekulia kati ya magunia ya mahindi na majirani wa kila kabila, na nilipomwoa Fridah nilidhani mila zote za huku nimezizoea. Kumbe nilikuwa nimezoea kuzisikia tu.

Akitaka kuniambia jambo, hata nikiwa nimesimama hatua tatu kutoka alipo, humwambia Fridah. "Fridah, mwambie huyo bwana yako amekanyaga waya." Fridah hunigeukia. "Mama anasema umekanyaga waya." Natoa mguu. "Mwambie Mama asante." "Anasema asante, Mama." Watu wazima watatu, chumba kimoja, kila mmoja anasikia kila kitu, na bado habari ya waya lazima izunguke kama barua ya serikali. Mnaniona nimeanza kuudhika hata kabla hadithi haijaanza.

Jina lake ni Agneta, lakini Sirisia nzima, kijijini kwao, humwita Mwalimu. Alifundisha darasa la nne kwa miaka thelathini na mmoja, na kila jioni aliwatoa wasichana uwanjani kucheza netiboli. Nimekutana na watu wenye mvi zao wanaosema mkono wake wa kulia uliwafunza kuandika herufi, ukawafunza kurusha mpira, kisha ukawachapa pale herufi na mpira vilipokataa kwenda sawa. Mumewe, Mzee Wabwile, alipofariki, watoto walimsihi ahamie mjini akakataa. Alibaki na nyumba yake, maharagwe yake na kiti chake cha mbele kanisani. Alikuwa na furaha, kwa namna ambayo watu wakali huwa na furaha, yaani bila kumwonyesha mtu.

Mwaka jana, mwezi wa kwanza, alianguka katikati ya shamba. Kiharusi. Mguu ulirudi upesi na mdomo ukanyooka, lakini mkono wa kulia ulibaki ukining'inia kama mkono wa sweta iliyoanikwa. Tonny, kaka yake Fridah, anayekaa Bungoma mjini na kupenda sana kuamua mambo ya wengine, akaamua. Mama ahamie kwake apewe chumba cha nyuma, na nyumba ya Sirisia itafutiwe mpangaji. Mwalimu akamjibu kwamba siku huu mkono utakapokufa kabisa ndipo atahama, na kabla ya siku hiyo mtu asiguse hata kitasa cha mlango wake. Hapo ndipo mambo yaliposimama. Mkono ukirudi, anarudi kwake Sirisia. Usiporudi, ni chumba cha nyuma mpaka mwisho wa maisha yake.

Daktari wa viungo aliyesifiwa na kila mtu alikuwa Kitale, ninakoishi na Fridah, kwa hiyo akaletwa kwangu. Nasema kwangu, lakini nyumbani kwangu hawezi kulala, nimeshaeleza. Tukamkodishia chumba kwenye ploti iliyo nyuma ya saiba yangu, duka langu la kompyuta na intaneti pale stendi. Baridi ya Kitale mwezi wa tano na wa sita si mchezo, na chumba chenyewe hakipati jua, kwa hiyo Fridah, ambaye hufanya kazi nami pale saiba, akasema Mama atashinda mchana ndani ya saiba ili apate joto naye amwangalie.

"Na heshima?" nikauliza.

"Utaweka plaiwudi."

Nikaweka plaiwudi. Nilikata saiba yangu mwenyewe vipande viwili. Mbele ikabaki meza yangu na laptop, mashine ya fotokopi na kompyuta tatu. Nyuma ikawa kompyuta namba nne, kiti chenye mto, na Mwalimu. Ile plaiwudi ilizuia macho vizuri sana. Sauti haikuzuia hata kidogo.

Daktari alikuwa amempa mpira mdogo wa raba, aufinye mara mia asubuhi na mara mia jioni. Aliufinya mara nne. "Fridah, mwambie huyo daktari mimi si mtoto mchanga." Mpira ukatupwa chini ya meza. Nikauokota, nikaufuta vumbi, nikampa Fridah ampe, ukarudi chini ya meza. Tuliendelea hivyo wiki tatu. Sijui kama umewahi kuishi na mwalimu mstaafu aliyeamua kufeli mtihani kwa makusudi. Nilimfungulia programu ya kujifunza kupiga chapa kwenye kompyuta, akasema alipiga taipu kabla mimi sijazaliwa, na mazungumzo yakaishia hapo. Nilikereka. Nilimkasirikia yeye, nikaukasirikia ule mpira, na hata yule daktari nikamwona kama mtu aliyenifanyia ubaya.

Siku moja, Mwalimu akiwa kliniki, mteja mmoja alitumia namba nne akaondoka bila kufunga ukurasa aliokuwa akichezea. Mwalimu aliporudi akakuta kwenye skrini uwanja wa kijani, goli, na kipa mwenye glavu kubwa kama sufuria, akirukaruka. Ulikuwa mchezo wa penalti, wa bure, wa kufungua tu kwenye intaneti na kucheza. Unabonyeza mausi, unavuta mshale kuelekea unakotaka, unaachia, mpira unaenda. Basi. Hakuna kingine. Mtoto wa miaka sita angeuchoka kwa nusu saa.

Kelele za mashabiki zilimkera akataka kuzizima. Mausi ilikuwa upande wa kulia, na Fridah, mikono imejaa karatasi za watu, akachungulia tu. Yeye ndiye aliyenisimulia. Mama aliunyanyua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauweka juu ya mausi taratibu kama anayelaza kuku kwenye mayai, akabonyeza popote. Mpira ulipaa. Ulipita juu ya goli, ukapita mashabiki, ukatoka nje ya skrini kabisa.

Kisha nikasikia kutoka nyuma ya plaiwudi kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu nimwoe Fridah. Mwalimu Agneta alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka wateja wangu wakageuza shingo.

"Fridah! Mpila umeenda Malakisi!" Mpira kwa ulimi wake ni mpila, na Malakisi ni mji wa huko kwao.

Ningekuwa mtu mwema ningesema nilifurahi. Nilifurahi kwa siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kuangalia saa. Ilikuwa mwezi wa sita, walimu na makarani wote wa Trans-Nzoia wamekumbuka kwa pamoja kwamba wana fomu za ushuru za kujaza, foleni inafika mlangoni, na kompyuta moja kati ya nne zangu inatumiwa na bibi wa miaka sitini na nane kupiga mpira nje ya uwanja. Alikuwa anaanza saa tatu asubuhi. Saa sita bado yupo. "Fridah, huyu kipa ana mikono mirefu, hii si haki." "Fridah, nimegonga mti!" Alimaanisha mwamba wa goli. Na mimi huku mbele nawaambia watu wazima wangoje kidogo, mashine moja ina shughuli.

Lakini vidole vilianza kuamka. Kwanza cha shahada, kile cha kubonyezea, kisha cha kati. Daktari akamuuliza amefanya nini, naye akamjibu kwamba amefinya ule mpira. Fridah alikuwa hapo, akajifanya anasoma kadi ya kliniki.

Halafu mchezo wenyewe ukatuharibia. Ukishafunga mabao kadhaa, kipa wa kompyuta huwa mkali zaidi, na yule wa Mwalimu akafikia kiwango cha kudaka kila kitu. Asubuhi moja alipiga penalti hamsini asifunge hata moja. Akaisukuma mausi mbali, akaurudisha mkono mapajani, na siku mbili nzima hakuugusa tena. Alikaa akitazama plaiwudi.

"Fanya kitu," Fridah akaniambia.

Nikafanya. Kulikuwa na sehemu ya kucheza watu wawili, mmoja apige na mwingine adake, kila mtu kwenye mashine yake. Nikaifungua kwenye laptop yangu kaunta. Fridah akamwambia mama yake kwamba sasa anayedaka ni mtu, mtu wa kweli, yuko mahali fulani kwenye intaneti. Huo haukuwa uongo. Mahali fulani palikuwa mita mbili kutoka kwake, nyuma ya plaiwudi.

Nikawa ninafungwa. Kipa huuona mshale wa mpigaji na hubonyeza upande wa kurukia wakati wowote anaotaka, na mpira wa Mwalimu ulikuwa unakuja polepole, unauona kabisa unakoenda. Akipiga kulia mimi naruka kushoto. Akipiga katikati mimi naruka popote. Nilijiambia kwamba mkwe hamnyimi mama mkwe wake kitu anachokitaka, na kwamba daktari amesema mkono ufanye kazi, na mtu anayeshinda hufanya kazi kwa moyo. Yote hayo ni kweli. Lakini nikisema ukweli mtupu, nilitaka afunge mabao yake upesi, aridhike, aniachie namba nne.

Hakuridhika. Alinogewa. Na mdomo wake ukafunguka kuliko tulivyowahi kuusikia. Akamtungia yule kipa maisha yake yote. Aliamua ni Mzungu mzee, anakaa nchi ya barafu. "Na hana mke, Fridah. Mwanaume mwenye mke hawezi kukaa saa nne asubuhi anacheza mpila." Mimi nasikia, nagonga muhuri kwenye karatasi za mtu. "Halafu haoni vizuri. Ona vile anaruka. Maskini." Jumatano moja kabla ya kula alimwombea. Nilimsikia kwa masikio yangu, baada ya kuombea chakula, akimwomba Mungu amkumbuke yule mzee wa kwenye kompyuta, ampe macho na ampe mtu wa kumpikia.

Sasa nitasema jambo ambalo sikumwambia hata Fridah. Nilianza kuingoja saa nne. Nilikuwa nikifika asubuhi, nawasha mashine, nalalamika kuhusu stima na foleni na wino wa printa kama kawaida yangu, na ndani yangu mtu mwingine alikuwa akiangalia saa. Shuleni nilikuwa kipa. Sikuwa kipa mzuri, lakini nilipenda kile kipindi kifupi kabla mpira haujapigwa, ambapo mnatazamana na mpigaji na kila mmoja anajaribu kuusoma moyo wa mwenzake. Sikuwa nimekihisi kwa miaka ishirini na tano. Na hapa nilikuwa nakihisi, na mtu ambaye hatujawahi kutazamana, kwa mchezo wa kitoto, kwa kipa mwenye glavu za sufuria. Nilifurahi kama mjinga. Ndiyo, mimi, Kimotho, ninayejulikana stendi nzima kwa kununa.

Ikafika siku ya Jelimo.

Jelimo ni mwalimu wa sekondari kule upande wa Cherangany, mteja wangu wa siku nyingi, mwanamke asiyejua kusema kwa sauti ndogo. Alikuwa kwenye foleni tangu saa mbili. Kufika saa nne na robo akaacha foleni, akaja mpaka kaunta, akainama kuchungulia laptop yangu.

"Wewe Kimotho! Si tuko line hapa tangu asubuhi? Kumbe unacheza mpira?"

Nikamwonyesha kidole mdomoni. Hakuelewa, au alielewa akapuuza.

"Na hata hudaki! Ona, mpira umekuja polepole hivi, kulia kabisa, na wewe unaruka kushoto! Ati nini, unamwachilia nani hapo?"

Nyuma ya plaiwudi sauti ya mashabiki ilikuwa inashangilia bao. Ikaendelea kushangilia kidogo, kisha ikazimwa. Nilisikia kiti kikisukumwa, na mlango wa nyuma ukifunguliwa, na slipa zikiburuzwa uani kuelekea chumbani. Jelimo akauliza kama amesema kitu kibaya. Nilimjazia fomu yake yote bila kumjibu.

Kesho yake asubuhi Mwalimu alikuwa ameshafunga begi. Alimpigia Tonny simu mwenyewe aje amchukue, jambo lililonitisha kuliko begi. Aliondoka kwenda Bungoma uso umefunikwa na leso, bila kupeleka neno kwangu hata kupitia kwa Fridah.

Tulijua ni heshima. Ungedhani nini kingine? Mwanamke ambaye hajanishika mkono miaka kumi na mmoja amegundua kwamba kwa wiki mbili amekuwa akicheza na mimi, akinitania, akiniombea mke. Fridah hakunisemesha siku mbili, na aliponisemesha ilikuwa kuniuliza mbona sikumtuma Jelimo nje. Nikamwambia plaiwudi ilikuwa wazo lake. Akaniambia kudaka vibaya kulikuwa wazo langu. Tukaendelea hivyo, sitaki kukumbuka. Nilizichukia mila, nikauchukia mtandao, nikamchukia aliyeacha ule ukurasa wazi. Kompyuta namba nne ilikuwa tupu siku nzima, na foleni ikawa fupi, na sikuona raha yoyote.

Jumapili Fridah akaenda Bungoma kumwona. Alirudi jioni akakaa kitandani na koti lake.

"Si heshima," akasema. "Nimemuuliza. Anasema kwenye kompyuta hakuna aliyemwona mwenzake, hakuna aliyemshika mwenzake, hata wazee hawawezi kuita hiyo kosa. Alishalifikiria hilo njiani akalimaliza."

"Basi ni nini?"

"Ulimwachilia." Fridah alikuwa analia sasa. "Alikuwa anahesabu, Kimotho. Ana daftari. Mabao mia tatu na kumi na mawili. Anasema alikuwa ameshaanza kuuamini mkono wake, na sasa hajui kati ya hayo kama kuna hata moja ambalo ni lake. Anasema miaka thelathini na mmoja hajawahi kumpa mtoto maksi za huruma. Na sasa mkono hautumii tena. Anakula na wa kushoto. Amemwambia Tonny atafute mpangaji."

Niliona aibu, ile aibu inayochoma masikio. Nilikuwa nimempa kila kitu isipokuwa kitu kimoja alichokuwa anakitafuta, na nilimnyima kwa sababu nilikuwa na haraka ya kurudishiwa kile kiti cha namba nne.

Jumamosi iliyofuata nilifunga saiba, wateja wakanisema, nikaenda Bungoma na laptop begani. Fridah alikuja nami, kwa sababu bila Fridah mimi na mama yake ni mabubu. Nyumba ya Tonny ina sebule, na jikoni kuna pazia mlangoni. Mimi nikawekwa sebuleni na Tonny. Mwalimu alikuwa jikoni. Tonny akanimiminia chai, akaanza kunieleza habari za mwalimu mmoja aliye tayari kuingia nyumba ya Sirisia mwisho wa mwezi.

"Fridah," nikasema kwa sauti, "mwambie Mama nimekuja kuomba msamaha."

"Mama, amekuja kuomba msamaha."

"Mwambie nimesikia."

"Anasema amesikia."

"Mwambie Mama nimeleta laptop na mausi. Apige penalti kumi. Mimi nitadaka kwa simu yangu. Nitadaka kweli."

Tonny akaacha kukoroga chai yake. Kisha sauti ya Mwalimu ikaja, kavu, ile ya darasani.

"Fridah, mwambie hivi. Nitapiga kumi. Akidaka zote kumi, basi huu mkono umekufa, nitabaki hapa kwa Tonny, na asije mtu kunibembeleza tena. Nikifunga hata moja, moja ya haki, naenda kwangu Sirisia Jumatatu. Na mwambie akiniachilia hata kidogo nitajua. Nimefundisha netiboli, najua mtoto anayeachilia mpila."

Fridah akanigeukia, akafungua mdomo.

"Nimesikia," nikasema.

Nilitamani nisingekuja. Kufikiria tu kwamba ningeweza kumfungia mtu mlango wa nyumba yake kwa kidole changu cha gumba, kwenye simu, kulinifanya nitokwe na jasho. Lakini laptop ilikuwa imeshapelekwa jikoni.

Ya kwanza alipiga kulia, chini. Nikadaka. Ya pili kulia tena, nikadaka. Ya tatu ilipita nje ya mwamba, mbali. Mshale wake ulikuwa unatetemeka kwenye skrini yangu, nauona unavyotetemeka, na wiki nzima ya kutofanya kazi ilikuwa imeurudisha mkono nyuma. Ya nne ilikuja polepole mno hata Tonny, aliyekuwa akichungulia juu ya bega langu, akaguna. Nikadaka. Ya tano ilikuwa nzuri, ya juu kushoto, na ndiyo iliyoniponza, kwa sababu niliruka nikaigusa kwa ncha ya glavu ikatoka. Nikasikia mtu akishusha pumzi jikoni.

Ilikuwa rahisi. Kidole kingeteleza upana wa punje ya mchele tu. Nilikifikiria hicho kitendo kabla ya penalti ya sita, nakiri. Ila baada ya ile ya tano kitu kilikuwa kimeniingia. Ule ulikuwa udakaji mzuri. Sijawahi kudaka namna ile shuleni. Ya sita nikaidaka katikati bila hata kuruka, nikajikuta nimekaa ukingoni mwa kiti, na nasema ukweli wa Mungu, nilikuwa nimesahau Sirisia. Nilikuwa nimesahau chumba cha nyuma na mpangaji na Tonny. Nilitaka kumi kwa kumi.

Ya saba, mshale ukalenga kushoto juu, palepale pa ile ya tano. Haukutetemeka. Ulikaa pale, ukakaa, na mimi nikajisemea anarudia, huyu bibi anarudia, namjua. Nikaruka kushoto kabla hajaachia. Nikauona mshale ukigeuka kulia kwa mkupuo mmoja, na mpira ukaingia chini, pembeni kabisa, pale ambapo hata kipa mwenye miguu minne asingefika.

"Ngai fafa!" Nikamwita Mungu kwa lugha ya kwetu, nikasimama, simu ikaanguka, chai ikamwagika mezani kwa Tonny. "Wewe Mama! Si ulikuwa umelenga kushoto? Mimi nimeshaenda kushoto! Hiyo umepigaje?"

Hapo ndipo nilipoisikia sauti yangu. Tonny alikuwa ameshika kikombe hewani. Fridah, kwenye mlango wa jikoni, alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja viwili. Miaka kumi na mmoja, na sasa nimemfokea mama mkwe uso kwa pazia, mbele ya mwanawe, kama mtu anayegombana na refa.

Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia, karibu sana, ya mtu ambaye naye alikuwa amesimama. Hakumwita Fridah.

"Kwa mkono wangu," Mwalimu Agneta akaniambia.

Nilisikia kiti kikivutwa jikoni na mtu akiketi, na mausi ikigongwa kidogo mezani.

"Fridah," akasema, "mwambie huyo bwana yako aokote simu. Bado tatu."